Kwa Nini Mistari ya Bonge Ni Minene

Saluni, 3 Februari

Kwako Chiriku, mtoto wa kaka yangu,

Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Sisi huku wazima. Baba yako goti linamsumbua ila anasema ni soksi. Mama yako amepaka jiko rangi ya kijani, na tangu hapo hakuna anayesikia njaa mle ndani. Mimi nipo, saluni ipo, draya moja imeanza kunguruma kama lori lakini kichwa inakausha.

Wamesema huko juu simu hazishiki na barua hupanda na gari la vyakula. Basi hii itakufikia ikiwa na harufu ya vitunguu, usinilaumu mimi.

Sasa nisikilize. Wateja waliniuliza uko wapi, nikawaambia mtoto wetu yuko mlimani anasoma nyota. Sikusema zaidi ya hapo. Mke wa fundi bomba akatoa kichwa ndani ya draya akasema, "Kumbe mna mnajimu kwenye ukoo mnanyamaza." Kufika jioni nilikuwa na watu watatu wanaotaka nyota zao ziangaliwe, na mmoja anataka yake isafishwe kabisa. Nimewaambia nitauliza. Niandikie kitu cha kuwaambia, hata kifupi, maana nikikaa kimya wataona nawabania.

Halafu baba yako anauliza unarudi lini. Mimi siulizi, yeye ndiye anauliza.

Shangazi yako


Kambini, 27 Februari

Shangazi, shikamoo, ingawa umeshaitikia.

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie Baba soksi haziumi mtu akipanda ngazi. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Mpishi wa kambi anapika supu ileile kila siku na kuibadilisha jina.

Shangazi, mimi si mnajimu wa ramli. Sijui nyota ya mtu yeyote hapo saluni. Nachunguza nyota moja tu, na hata hiyo inanitoa jasho. Ni kubwa mno, nzito kuliko jua letu mara nyingi sana, na moto wake umepita wekundu na weupe hadi umekuwa wa buluu. Kwenye orodha ina namba ndefu, lakini mimi naiita Bonge.

Kazi yenyewe ni hivi. Tunachukua mwanga wa Bonge na kuunyoosha uwe ukanda wa rangi, kama upinde wa mvua uliopigwa pasi. Ndani ya ukanda kuna mistari myeusi, kwa sababu kila aina ya gesi kwenye uso wa nyota humeza rangi yake. Mstari ulitakiwa uwe mwembamba kama uzi. Wa Bonge ni mnene kama umechorwa na mkaa. Swali langu ni kwa nini.

Pikipiki ikija kwako sauti yake huwa kali, ikikupita inakuwa nzito. Mwanga nao una tabia hiyo. Nyota ikizunguka, upande mmoja unakuja kwetu na mwingine unatukimbia, kwa hiyo rangi moja inasogea huku na kule na mstari unatapakaa. Hiyo ni sababu moja. Lakini uso wa nyota unaweza pia kuwa unachemka kama uji, gesi ikipanda na kushuka. Au chembe zimesongamana mpaka zinasukumana, na kila moja inameza rangi ya pembeni kidogo. Joto lenyewe nalo huzikimbiza chembe ovyo. Na nyota kubwa hizi hupuliza upepo wao wenyewe, unaotupa gesi nje kwa kasi ya ajabu.

Mimi nasema Bonge anazunguka. Anazunguka kwa kasi kuliko nyota yoyote ya aina yake tuliyowahi kuipima hapa. Mwezi wa sita nitalisema hilo mbele ya watu wote wa kambi na wageni. Msimamizi wangu anasema anachemka. Tutaona.

Mwambie Baba nimepata salamu zake.

Chiriku


Saluni, 20 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Huku salama. Goti la baba yako limehamia mguu wa pili, naye ameacha kulaumu soksi, sasa analaumu ngazi. Jiko limerudishiwa rangi nyeupe na watu wanakula.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Wateja walikuwa chini ya draya hawasikii, na ile inayonguruma ndiyo usiseme, kwa hiyo nilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakaingia. Mwanzoni kulikuwa na ubishi, maana niliposema mistari imetoka minene, wasusi wote wawili walidhani unasema kichwa cha mtu. Mmoja akasema mistari hutoka minene msusi akiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nikawaeleza ni nyota.

Basi mke wa fundi bomba akaguna. Akasema dalili hizo ni za mumewe. Siku hizi anarudi jioni shati limelowa, haelezi alikokuwa, na akikaa mezani anatapakaa. "Huyo anachemka au anazunguka?" akaniuliza. Mimi nikamjibu kama ulivyoandika, kwamba wewe unaamini kuzunguka. Akaondoka na rola kichwani.

Alimfuata mumewe mpaka ukumbi ulio nyuma ya duka la mabati. Akachungulia dirishani, akamwona mtu mzima amekumbatia ufagio, anazunguka. Anajifunza kucheza kwa ajili ya harusi ya binti yao, na aliona aibu kusema. Kwa hiyo, Chiriku, alikuwa anazunguka kweli.

Tangu siku hiyo sina pa kukaa. Watu wanakuja hawataki hata kuoshwa nywele, wanataka kujua tu fulani anazunguka, anachemka, amesongamana au ni upepo. Nawasikiliza, nawajibu. Sitozi kitu.

Kuna bwana mmoja mkaguzi wa mizani anapita pita hapa. Anakagua maduka ya mtaa huu. Mtu mstaarabu, kichwa chake hakina unywele hata mmoja. Nakutajia tu kwa kuwa aliketi siku ile nilipokuwa nasoma, akasema mtoto wetu anaandika vizuri.

Shangazi yako


Kambini, 14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Natumaini Baba ameonana na daktari na si na fundi wa ngazi. Huku theluji imeziba mlango wa jiko, tukamtoa mpishi dirishani. Alitoka na sufuria yake, hakukubali kuitanguliza.

Nakuomba uache. Nimekuandikia habari za gesi, si za waume. Fundi bomba alikuwa na bahati yake. Mtu mwingine atakuja na shida ya kweli, utamwambia amesongamana, na utakuwa umevunja nyumba yake kwa jina langu.

Na mkaguzi wa mizani anafanya nini saluni? Sikumbuki kama una mizani. Nywele hakuzifuata, umesema mwenyewe hana.

Bonge mzima. Msimamizi mzima pia, nadhani. Anasema nyota ikizunguka kwa kasi ninayoitaja ingekuwa imeshajitupia tumbo nje, na tungeona pete ya gesi inang'aa kiunoni. Hatuoni pete. Nimemwambia pete itakuja. Akasema, "Pete haiji kwa kuitwa." Siku hizi tunakula meza tofauti, lakini ni kwa sababu ya upepo wa dirishani.

Chiriku


Saluni, 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako ameenda kwa daktari, ameambiwa ni goti.

Ungeniandikia mapema zaidi ningekusikia. Barua yako ilichelewa, gari la vyakula nasikia lilikwama, na mimi nilikuwa nimeshamjibu mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu unamjua kwa sifa, yule mama anayepiga mluzi shule nzima inakaa. Alikuja analalamika kwamba kichwa hakitulii, hasira kila saa, nyumbani hapumui. Nikamuuliza mnaishi wangapi. Akataja mume, mama mkwe, wifi wawili na shemeji mwenye tarumbeta. Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? Nikamwambia msongamano. Chembe zinasukumana.

Nilidhani atawaomba wapunguze kelele. Aliwatoa wote. Na wao, walipouliza nani kasema, wakaelekezwa kwangu, wakaja na magodoro. Mama mkwe alishika kiti cha dirishani, shemeji akaweka tarumbeta kwenye rafu ya shampuu. Mume wake naye alikuja, akasema yeye hakufukuzwa moja kwa moja ila aliona aibu kubaki. Walilala hapo. Sikuweza kuwafukuza, maana sababu ni yangu.

Niandikie upesi: mstari ukishanenepa, unapunguzwaje?

Mkaguzi alisaidia kubeba magodoro. Kuhusu swali lako, ni kweli sikuwa na mizani. Sasa ninayo. Aliniletea yeye, ya shaba, na vijiwe vyake. Nikamuuliza ya kupimia nini. Akasema si ya kupimia, ni ya kukaguliwa, ili asionekane anakuja bila kazi. Nimeiweka karibu na vitana. Anaikagua Jumanne na Ijumaa.

Shangazi yako


Kambini, 16 Juni

Shangazi, shikamoo.

Natumaini wote wazima na wageni wako wamepata pa kulala. Mstari haupunguzwi. Nyota iko vile ilivyo.

Huku kuna mawingu. Juma lililopita lilikuwa la mawingu, na hili pia. Mpishi ametengeneza supu akaiita mchuzi. Blanketi langu limeunguzwa na shoti ya taa likatoboka, ila kwa miguuni tu. Upepo unatoka kaskazini.

Wasalimie.

Chiriku


Saluni, 4 Julai

Chiriku,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii ilikuwa imepauka.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta Bonge, simwoni. Mwezi wa sita si ndio uliosema utasimama mbele ya watu? Umeniandikia wingu, supu, blanketi na upepo. Mimi nimekuosha nywele ukiwa mdogo, najua ukinyamaza povu limekuingia machoni. Sema.

Za huku ni nzuri. Ukoo wa mwalimu mkuu umeondoka. Alikuja mwenyewe kuwachukua baada ya kuona kwake pamekuwa kimya mpaka anaisikia friji ikifikiri. Hilo ni neno lake. Akawakuta mama mkwe na wifi wamewekewa rola, mume anakunja taulo, shemeji anapuliza tarumbeta taratibu na wateja wametulia. Aliposema turudi nyumbani, mama mkwe akajibu, "Subiri kwanza kichwa kikauke." Ikambidi mwalimu mkuu aketi kwenye foleni kama mtu mwingine. Waliondoka pamoja, na yeye ndiye aliyebeba tarumbeta.

Nimeacha ile shughuli ya kuwajibu watu. Nimebandika karatasi mlangoni: Hapa ni nywele tu.

Baba yako anatembea vizuri. Mama yako anataka kupaka sebule rangi, tunamzuia.

Shangazi yako


Kambini, 26 Julai

Shangazi, shikamoo.

Povu limeniingia machoni, ndiyo.

Yale mawingu yalinikalisha bila kazi siku nyingi. Nikachukua picha zote za ukanda wa Bonge nilizopiga tangu nifike, nikazitandaza kwenye meza za kulia kwa kufuata tarehe. Mpishi alinung'unika, nikamwambia ni kwa ajili ya elimu, akasema elimu ikae sakafuni, meza ni za sahani. Nilikuwa natafuta ushahidi wa mwisho wa kumnyamazisha Msimamizi.

Unajua kuna picha ambazo mstari ulitoka mwembamba. Zile nilikuwa naziweka pembeni. Nilijiambia kifaa hakikurekebishwa vizuri siku hiyo. Zilipolala mezani pamoja na nyingine, Shangazi, nikaona mstari unanenepa, unapungua, unanenepa, kwa mpangilio, kama mtu anayepumua. Na kwenye picha moja iliyotoka safi kuliko zote, mstari mnene haukuwa mmoja. Ulikuwa umepasuka katikati kama ukwato wa mbuzi.

Bonge si mmoja. Ni wawili. Ni nyota mbili kubwa zilizokaribiana kiasi kwamba darubini inaziona kama moja, zinazungukana. Moja ikija kwetu mwenzake anatukimbia, mistari yao inaachana na mimi naona unene. Zikipita kwa upande, mistari inalaliana na mimi naona wembamba, naitupa picha. Hakuna kasi ya ajabu. Pete haikuja kwa kuwa hakuna aliyekuwa wa kuivaa.

Hayo yalitokea siku chache kabla ya kusimama mbele ya watu. Nikafikiria kuugua. Nikajaribu hata kukohoa, mpishi akaniletea supu. Ikabidi niende kwa Msimamizi na picha mkononi. Nilisema, "Hazunguki kama nilivyodai." Uso wake ukachangamka, akasema, "Kwa hiyo anachemka." Nikamwonyesha ile iliyopasuka. Aliitazama mpaka chai yake ikaota ngozi. Kisha akakaa sakafuni, mtu mzima na koti lake, akacheka hadi akashika mbavu. Miezi yote hiyo tulikuwa tunamgombania mtu mmoja, kumbe ni wawili, na wote wawili tumekosa.

Siku ya siku tulisimama pamoja. Mimi nikaeleza nilivyokosea, yeye akaeleza alivyokosea, na tukapigiwa makofi kuliko wote, nadhani kwa sababu wageni walipenda kuona ugomvi unavyoisha. Na kuna faida: kwa jinsi mistari miwili inavyosogea, tumejua ipi ni nzito kuliko mwenzake. Sasa kila mstari peke yake bado ni mnene kidogo kuliko unavyotakiwa. Sehemu yake ni kuzunguka, sehemu labda ni kuchemka. Tumeanza kubishana upya, ila kwenye meza moja.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuogopa. Ulishawatangazia watu wote kwamba anazunguka.

Sasa na mimi nakuuliza. Barua yako ya mwisho ina friji, tarumbeta, na rangi ya sebule. Mkaguzi wa mizani yuko wapi?

Chiriku


Saluni, 15 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, mara mbili, moja kwa ajili ya Bonge na moja kwa mwenzake. Baba yako amesomewa barua yako akasema alijua. Hakujua. Mama yako ameipaka sebule rangi tulipokuwa tunasoma.

Umeuliza, nakujibu, ingawa nilikuwa nimeamua kutosema mpaka nizeeke.

Ile siku kabla sijabandika karatasi mlangoni, saluni ilikuwa imejaa. Mke wa fundi bomba akaniuliza mbele ya wote, "Na huyu bwana wa mizani, naye ana nini? Anazunguka au anachemka?" Kila mtu akanigeukia. Mimi nikaona haya, na mwenye haya husema lolote. Nikasema, "Huyo ni upepo tu, atapita." Wakacheka. Nikageuka, nikamwona amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ilikuwa Ijumaa, alikuja kukagua. Akainamisha kichwa kwa adabu, akavaa kofia, akaenda.

Hakuja Jumanne. Hakuja Ijumaa. Mizani ikakaa karibu na vitana inakusanya vumbi, nikawa naipangusa kabla ya vioo. Wateja wakawa wananishauri nimfuate, nikawa nawaambia nina kazi. Nilikuwa nimekaa tu.

Kisha ikaja barua yako. Nikasoma jinsi ulivyokwenda kwa Msimamizi na picha mkononi. Nikafunga saluni mchana kweupe, mke wa fundi bomba akiwa nusu kichwa amesukwa nusu hajasukwa, nikabeba mizani kwa mikono miwili mpaka ofisini kwao.

Kulikuwa na foleni ya wenye maduka, kila mmoja na mizani yake. Nikajipanga. Ilipofika zamu yangu akauliza bila kuinua macho, "Tatizo ni nini?" Nikasema, "Haijakaguliwa siku nyingi." Akainua macho. Watu walikuwa nyuma yangu, mwenye duka la nafaka ananikanyaga kisigino. Nikasema, "Nilisema vibaya mbele ya watu, na nimekuja kusema vizuri mbele ya watu. Wewe si upepo. Naomba usipite."

Akaichukua mizani, akaweka kijiwe huku, akaweka kijiwe kule, akachungulia sindano kwa jicho moja. Watu wote wananyoosha shingo. Akasema, "Mizani hii ina kasoro. Inahitaji mtu wa kuwa nayo karibu kila siku." Mwenye duka la nafaka akasema kama ndivyo basi apishwe, yeye ana haraka.

Kwa hiyo naolewa, Chiriku. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Baba yako alicheka kwanza, kama nilivyojua, kisha akaenda kushonesha suti.

Lipo jambo moja. Wasusi wangu wawili wamekataa kunigusa kichwa siku hiyo, wanasema mikono itawatetemeka, maana ninawagombeza miaka yote. Saluni ya ng'ambo ya barabara siingii, nitaonekana nimeshindwa. Nimefikiri nikaona ni wewe. Najua hujui. Njoo hivyo hivyo. Ukiharibu nitasema ndio mtindo wa mlimani, na nani atabisha.

Na sasa ninauliza mimi, si baba yako: unarudi lini?

Shangazi yako


Kambini, 4 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Mpe shikamoo yangu bwana harusi, na umwambie nilimpenda tangu alipoleta mizani. Nimechelewa kujibu kwa sababu gari la vyakula lilikuwa gereji. Sasa limepona, na dereva amenipa kiti cha mbele kwa sharti la kupakata trei tupu za mayai njia nzima.

Nilikwenda kuomba ruhusa kwa Msimamizi. Akaniuliza safari ni ya nini, kwa sababu Bonge na mwenzake bado tuna kazi nao. Nikamwambia ninakwenda kumsuka bibi harusi.

Akauliza, "Unajua kusuka?"

Nikamwambia sijui.

Akaangalia kalenda ukutani, akasema, "Basi nenda mapema."

Chiriku